HARRY THUKU NA KENGELE YA MBUZI

  Mwaka huu mlezi wa chama alitutaka kila mmoja wetu achague mtu mashuhuri aliyekwisha kuiaga dunia, kisha amsimulie kwa maneno yake mwenyewe. Wenzangu walikimbilia majina ambayo sote tunayajua. Kuna aliyemchukua Mekatilili wa Menza, kuna aliyemchukua Shaaban Robert. Mimi nilipotaja jina la Harry Thuku darasa zima liliangua kicheko. Mmoja akaniuliza kama nataka kuandika maisha ya ile barabara inayopita kando ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Naam, ni huyo huyo! Lakini kabla ya kuwa barabara alikuwa mtu, tena mtu aliyeitikisa serikali ya mkoloni angali kijana.

Wacha niwaambie kwa nini nilimchagua. Wakati wa likizo ya Agosti nilikwenda ushago kwa nyanya kutafuta cheti changu cha kuzaliwa, maana natimiza miaka kumi na minane mwezi wa kumi na nataka kuchukua kitambulisho. Nyanya akalifungua sanduku lake la bati ambalo hata baba yangu haruhusiwi kuligusa. Tukatoa vitambaa, picha za harusi, risiti za kahawa, na mwishowe hicho cheti. Chini kabisa palikuwa na kimkebe cha chuma chenye kutu, kinachotosha kiganjani, kikiwa na mahali pa kupitishia kamba. Nilidhani ni mkebe wa ugoro. Nyanya alicheka mpaka akashika mbavu. Kumbe ile ilikuwa nyumba ya kipande cha baba mkwe wake, yaani babu yake baba yangu! Karatasi yenyewe ilikwisha kuliwa na wadudu zamani. Nyanya akaniambia kwamba mzee yule, hata baada ya Uhuru, kila akikutana na askari njiani alikuwa akijipapasa shingoni kabla ya kuitikia salamu. Hakuna aliyemuuliza chochote, lakini mkono ulikwenda wenyewe.

Maneno hayo ya nyanya hayakuniondoka kichwani. Niliporudi shuleni nilikwenda maktabani kutafuta habari za kipande, na kila nilipofungua ukurasa nikakutana na Harry Thuku.

Je, kipande kilikuwa kitu gani? Neno hili sisi vijana tunalitumia bila kufikiri. Polisi wakifanya msako usiku, huulizia kipande, na wanamaanisha kitambulisho. Lakini kipande chenyewe kilikuwa balaa. Sheria yake ilipitishwa mwaka wa 1915, wakati nchi hii ingali inaitwa Himaya ya Afrika Mashariki ya Kiingereza. Vita Vikuu vya Kwanza viliichelewesha, ikaanza kutekelezwa mwaka wa 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka kumi na sita alitakiwa kwenda kwa mkuu wa wilaya akaandikwe. Aliwekwa alama za vidole, akapewa karatasi yenye jina lake, kabila lake na kwao. Kisha karatasi ikatiwa katika mkebe wa chuma, na mkebe ukafungwa kwa kamba shingoni. Wakikuyu waliuita mbugi, yaani kengele anayovalishwa mbuzi ili mwenyewe ajue alipo. Jina hilo lilisema yote. Mtu mzima mwenye mke na watoto alikuwa akitembea na kengele ya mbuzi.

Ubaya haukuwa katika mkebe peke yake, bali katika yale yaliyoandikwa ndani. Mwajiri aliandika kazi aliyompa mtu, siku aliyomwajiri, mshahara aliomlipa na siku aliyomwachisha. Mshahara ukishaandikwa, mwajiri wa pili aliusoma na hakuona sababu ya kuongeza hata senti moja. Tena mtu hakuweza kuacha kazi kwa hiari yake. Ikiwa mzungu hakutia sahihi kwamba amemruhusu aondoke, hakuna mwingine aliyeweza kumwajiri. Akitoroka, lilikuwa kosa la jinai, na alama zake za vidole ziko Nairobi zikimngoja. Askari aliweza kumsimamisha Mwafrika yeyote njiani na kumtaka atoe kipande. Akikosa, faini au jela. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Siri ya mfanyakazi Mwafrika ilijulikana na kila mzungu aliyeweza kunyosha mkono na kuufungua ule mkebe. Wazungu wenyewe hawakuvaa kitu shingoni, labda tai.

Sasa turudi kwa shujaa wetu. Harry Thuku alizaliwa mwaka wa 1895 huko Kambui, katika sehemu za Kiambu. Alisoma katika shule ya wamisionari waliokuwa hapo Kambui, akajua kusoma na kuandika, jambo ambalo siku hizo lilikuwa nadra kama maziwa ya kuku. Mwaka wa 1911, akiwa kijana wa miaka kumi na sita, alishika njia akaenda Nairobi kutafuta riziki. Nairobi wakati huo haikuwa jiji la maghorofa. Ilikuwa mji wa mabati na matope, uliozaliwa na reli miaka kumi na miwili tu kabla yake.

Hapa sina budi kusema ukweli, maana maisha ya mtu hayasimuliwi nusu nusu. Muda mfupi baada ya kufika mjini, kijana Harry alishtakiwa kwa kosa la kughushi hundi akafungwa miaka miwili. Nilipoyasoma hayo nilisita, nikataka hata kuibadilisha mada. Baadaye nikaona kwamba hapa ndipo penye funzo. Alipotoka gerezani hakukuwa na kipande. Hakukuwa na karatasi shingoni mwake ya kumwambia kila mwajiri makosa aliyoyafanya akiwa mtoto. Alipata kazi ya kupanga herufi katika kiwanda cha kuchapishia gazeti la Leader, lililokuwa gazeti la masetla. Mwaka wa 1918 akaingia katika kazi ya serikali, akawa opereta wa simu katika Idara ya Hazina mjini Nairobi. Fikirini wenyewe. Kama alama zake zingekuwa zimehifadhiwa na kila mwajiri amesoma habari zake kabla hajafungua mdomo, je, angepata nafasi ya kuanza upya? Mimi sidhani. Kuna mambo ambayo mtu hustahili kuyaacha nyuma baada ya kulipa deni lake.

Pale penye mitambo ya gazeti, Thuku aliyaona maandishi ya masetla kabla hata hayajafika kwa wasomaji. Alijua wanavyowafikiria Waafrika. Alijua wanataka nini. Walitaka vibarua wengi kwa bei rahisi, na kipande kilikuwa chombo chao. Mwaka wa 1919 Gavana Edward Northey alitoa agizo la kuwataka machifu wahimize watu waende kufanya kazi katika mashamba ya wazungu. Kuhimiza huko kuligeuka kuwa kulazimisha, hata wanawake na wasichana wakapelekwa. Kodi ya kibanda ikapanda. Halafu mwaka wa 1921, bei za mazao zilipoanguka, masetla wakakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Ebu fikiri, ndugu msomaji, kodi inapanda, mshahara unashuka, na huwezi kuacha kazi kwa sababu kipande chako hakijatiwa sahihi!

Wazee na machifu walikuwa na chama chao, Kikuyu Association, lakini wao walizungumza kwa upole na serikali. Vijana wa mjini walitaka jambo jingine. Mnamo Juni 1921 Thuku na wenzake walianzisha Young Kikuyu Association. Haukupita muda, wakaona kwamba kilio hiki si cha kabila moja. Mjaluo alivaa kipande, Mkamba alivaa kipande, Mluhya alivaa kipande. Kwa hiyo wakaunda East African Association, chama kilichofungua mlango kwa watu wa makabila mbalimbali waliokuwa wakiishi Nairobi. Naomba tulitie jambo hili akilini. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kijana wa miaka ishirini na sita alikwisha kuona kwamba ukabila haufai, na sisi leo bado tunahubiriwa.

Mnamo Julai 1921 Thuku alituma telegramu moja kwa moja mpaka London kueleza malalamiko ya Waafrika, na kipande kilikuwa miongoni mwake. Alisaidiwa na Wahindi, hasa M. A. Desai, mhariri wa gazeti la East African Chronicle. Jambo hili liliwaudhi wakubwa kupita kiasi. Kwao, Mwafrika alipaswa kupitia kwa chifu, chifu kwa mkuu wa wilaya, na mkuu wa wilaya ndiye aamue ni neno gani la kufika juu. Thuku aliwaruka wote. Aliambiwa achague, ama kazi ama siasa. Akachagua siasa, na kazi ya Hazina ikaota mbawa.

Basi akawa mtu wa mikutano. Alizunguka Kiambu na Murang'a, na watu walifurika kama maji ya masika. Huko Nyanza nako moto uliwaka. Mnamo Desemba 1921 watu walikutana huko Lundha, Gem, wakaanzisha Young Kavirondo Association, na wao pia wakataka kipande kiondolewe. Mapema mwaka wa 1922 Thuku alizidi kuwa mkali. Aliwashawishi watu kwamba vile vipande vikusanywe vyote kwa pamoja, vikabwagwe nyumbani kwa Gavana. Hebu mwone mlima wa mikebe ya chuma mlangoni pa Gavana! Sijui kama kuna mwanafunzi wa shule hii ambaye angebuni jambo zuri kuliko hilo. Serikali iliwahesabu watu kwa mikebe, naye alitaka serikali irudishiwe mikebe yake na watu wabaki na shingo zao.

Lakini wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako. Serikali ya mkoloni haikuwa na mitambo ya kunasa sauti wala kamera juu ya milingoti. Ilikuwa na watu. Machifu ndio waliokuwa macho na masikio yake vijijini. Mkutano ukifanyika leo, maneno yaliyosemwa yanamfikia mkuu wa wilaya kabla ya wiki kwisha, tena mara nyingine yametiwa chumvi. Baadhi ya machifu walimchukia Thuku kwa sababu aliwasema hadharani kuwa wanawatoa wasichana wa watu kwenda kufanya kazi kwa wazungu. Ushahidi wao ndio uliotumiwa kumwangamiza.

Jioni ya tarehe 14 Machi 1922 Thuku alikamatwa, akapelekwa katika kituo cha polisi cha Nairobi kilichokuwa karibu na Hoteli ya Norfolk. Habari zikaenea kama moto wa kiangazi. Wafanyakazi waliacha kazi. Wapishi, wafagiaji na madereva walizitupa aproni na funguo wakaenda kumtaka mtu wao. Tarehe 16 watu kama elfu saba au nane walikuwa wamejaa mbele ya kituo. Wajumbe sita waliingia kuzungumza na Sir Charles Bowring, Katibu wa Koloni. Walitoka na maneno ya kuwaomba watu waende nyumbani wakasubiri. Wengine wakaanza kugeuka.

Hapo ndipo alipojitokeza mwanamke aliyeitwa Muthoni Nyanjiru. Aliwageukia wanaume, akainua nguo yake juu kama walivyofanya wanawake wa Kikuyu walipotaka kumfedhehesha mtu kabisa, na akawataka wampe suruali zao kama wao wameshindwa. Wanawake wakapiga vigelegele. Umati ukasogea mbele, na askari wakafyatua risasi. Inasimuliwa kwamba hata wazungu waliokuwa katika baraza ya Norfolk walijiunga katika ufyatuaji huo. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilihesabu maiti 21, lakini waliokuwepo walisema idadi ilikuwa kubwa zaidi. Mtu anayepita leo katika University Way akielekea mjini, anapita hapo hapo.

Jambo moja linashangaza. Nyanjiru hakuwa na kipande. Sheria ile haikuwahusu wanawake. Hakuvaa mkebe, wala hakuna askari aliyemsimamisha njiani kumuulizia sahihi ya mwajiri. Hata hivyo alikufa akiwatetea waliovaa. Tunapoambiwa kwamba jambo fulani halituhusu, tumkumbuke mama huyu.

Thuku mwenyewe hakufikishwa mahakamani. Hakusomewa mashtaka, hakuitwa shahidi akaulizwa maswali, wala hakupewa nafasi ya kujitetea. Ilitumiwa sheria ya kuwaondoa wenyeji, ya mwaka wa 1909, iliyompa Gavana uwezo wa kumhamisha Mwafrika kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Alipelekwa Kismayu, ambako wakati huo kulikuwa bado chini ya Kenya. Mwaka wa 1925 Kismayu ilipokabidhiwa Waitaliano, alihamishwa. Akapitia Lamu na Witu, mwishowe akapelekwa Marsabit. Alikwenda akiwa kijana barobaro wa miaka ishirini na saba. Aliruhusiwa kurudi kwao baada ya karibu miaka tisa, akiwa mtu wa makamo. Miaka hiyo yote alikaa alipoambiwa akae, chini ya macho ya mkuu wa wilaya.

Ningeweza kuikomesha hadithi yangu hapa, na ingekuwa tamu. Shujaa anarudi, watu wanashangilia, mwisho. Lakini haikuwa hivyo. Mwaka wa 1932 Thuku alichaguliwa kuwa rais wa Kikuyu Central Association, chama kilichochukua nafasi ya kile chake kilichovunjwa. Haukupita muda, ugomvi ukazuka, na mwaka wa 1935 akajitenga akaanzisha Kikuyu Provincial Association, chama kilichoahidi kufuata sheria na kuitii serikali. Alipoundwa mwenyekiti wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa KAU mwaka wa 1944, hakukaa sana kabla ya kumwachia James Gichuru. Na vita vya Mau Mau vilipopamba moto mwaka wa 1952, Harry Thuku alisimama upande wa serikali na kuwapinga wapiganaji hadharani. Wengi waliokuwa wakimwimba miaka thelathini nyuma hawakumsamehe.

Je, ni miaka ya Marsabit iliyomgeuza? Au aliamini kweli kwamba umwagaji damu haufai, baada ya kuona watu waliouawa kwa ajili yake? Mimi siwezi kuingia moyoni mwake, na nadhani si haki kumhukumu kwa haraka. Ninachojua ni kwamba mtu akitazamwa miaka nenda miaka rudi, akajua kila anachosema kinaandikwa mahali, hujifunza kupunguza sauti. Babu yake baba yangu hakuwa mwanasiasa hata kidogo, na bado mkono wake ulikwenda shingoni kwa miaka mingi baada ya mkebe kutolewa.

Na huo mkebe uliishia wapi? Baada ya Vita vya Pili vya Dunia malalamiko yalizidi. Mwaka wa 1947 sheria mpya ilitungwa ya kuwaandikisha watu wote wa Kenya, wa kila rangi, na alama za vidole zikiwemo. Mnajua kilichotokea? Wazungu walipiga kelele! Walilalamika kwamba kumwekea mtu alama za vidole ni kumfanya mhalifu. Miaka karibu thelathini Mwafrika aliwekwa alama hizo, ikawa ni utaratibu mwema wa serikali. Zamu ya mzungu ilipofika, ndipo ikagunduliwa kwamba ni aibu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Hata hivyo kutazamwa hakukuisha. Wakati wa Hali ya Hatari, Wakikuyu, Waembu na Wameru walipewa kitabu kingine cha kupitia. Mnamo Aprili 1954 Nairobi ilizingirwa na askari, maelfu wakakamatwa, na watu wakapitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho tu. Aliitwa gakunia. Akitikisa kichwa, umekwisha. Humwoni, naye anakuona. Vijijini zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, mtu akitoka anajulikana, akiingia anajulikana. Nyanya yangu alikuwa mtoto mdogo katika kijiji kimojawapo, na mpaka leo hapendi mtu asimame mlangoni bila kubisha hodi.

Harry Thuku alirudi katika kilimo cha kahawa huko Kiambu na akafanikiwa. Mwaka wa 1959 aliingia katika halmashauri ya Kenya Planters Coffee Union, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Aliuona Uhuru. Alifariki tarehe 14 Juni 1970, mwaka ule ule kitabu cha maisha yake kilipotoka. Barabara inayopita mbele ya Hoteli ya Norfolk, pale watu walipopigwa risasi kwa ajili yake, ndiyo inayoitwa kwa jina lake.

Sasa labda utaniuliza, haya ya kale yatusaidie nini? Muhula uliopita tulikuwa na mjadala katika chama, na wenzangu wa upande wa pili walishikilia kwamba asiye na hatia hana haja ya kuogopa kutazamwa. Walipigiwa makofi mengi, nami sikuwa na jibu. Leo ninalo. Thuku aliitisha mikutano mchana kweupe. Telegramu yake ilipitia posta. Hakuficha kitu chochote, na bado alipoteza miaka tisa. Mtu haogopi kutazamwa kwa sababu ana hatia. Anaogopa kwa sababu anayetazama ndiye huyo huyo anayeamua hatia ni nini, na wewe huna pa kwenda kumshtaki.

Sisemi kwamba serikali isiwajue watu wake. Bila kitambulisho siwezi kupiga kura, siwezi kufungua akaunti ya benki, wala siwezi kusajili laini ya simu. Na tofauti ipo, tena kubwa. Kitambulisho cha leo ni cha kila raia, mwanamume kwa mwanamke, na hakisemi mwajiri wangu alinilipa pesa ngapi. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Mwaka wa 2019 tulipata sheria ya kulinda habari za watu. Na serikali ilipoanza kuwaandikisha watu katika mpango wa Huduma Namba mwaka huo huo, wananchi walikwenda mahakamani, na mnamo Januari 2020 Mahakama Kuu ikakataza kuchukuliwa kwa chembe za urithi za mwili wa mtu na ramani za mahali anapoishi. Harry Thuku hakuwa na mahakama ya kukimbilia. Sisi tunayo. Lakini haki ni kama panga, usipolinoa linashika kutu kama mkebe wa nyanya.

Tena tusiitazame serikali peke yake. Simu tunazozililia wakati wa likizo zinajua tulipo, tumeongea na nani na tumenunua nini. Hizo hatukufungwa shingoni kwa nguvu. Tumejivalisha wenyewe, na hazilii kama kengele.

Nilimwomba nyanya aniazime ule mkebe niulete shuleni muuone kwenye maonyesho ya chama. Alikataa katakata. Alisema kitu kile kimeonwa na watu wasiohusika kwa miaka ya kutosha, akakirudisha chini ya vitambaa na kulifunga sanduku. Nilitaka kubishana naye, halafu nikaona kwamba ana haki. Mwezi wa kumi nitakwenda kutoa alama zangu za vidole. Nitazitoa bila woga, ila nitauliza zinapelekwa wapi na nani ataziona. Nadhani Harry Thuku, yule wa mwaka wa 1921, angeuliza vivyo hivyo.

  

Mwanachama, Kidato cha Nne